Kurasa Kuukuu: Anzeni Ukurasa wa Mwisho

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu miswada ya Kiebrania ya zama za kati iliyomo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Tanga, Lamu, Maskati, Bukavu, hata Leicester. Nyingine za heshima, nyingine zimenijia juu. Nimechagua zile ninazoziweza.

Kwa walio wageni wa safu hii: mimi ni fundi wa majalada, si mwanachuoni. Kazi yangu ilikuwa kushona kurasa zilizofumuka na kuziba matundu ya wadudu, kwanza Unguja, baadaye Uingereza. Kiebrania changu kinatosha kusoma tarehe, majina ya watu na dua fupi. Yaliyobaki nayapata kwa wenye elimu yao. Nina kaida moja tu ya kazini ambayo mtaikuta katika majibu mengi hapa chini: nikipewa kitabu kilichoandikwa kwa mkono, nafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Mwanzoni mwa kitabu anasema mtunzi. Mwishoni ndipo aliyeshika kalamu anapopata nafasi ya kusema na yeye.

Shikamoo Bi Kurasa. Vitabu vya Wayahudi vilifikaje kwenye maktaba ya Wazungu Wakristo, tena kwa maelfu? Nani aliwapa?
*Mwanafunzi wa chuo, Tanga*

Marahaba mwanangu. Vichache walipewa, vingi mno walinunua.

Thomas Bodley, aliyeifungua maktaba hiyo mwaka 1602, alifundishwa Kiebrania tangu utotoni huko Geneva. Wasomi wa Kiprotestanti wa enzi zake walitaka kuisoma Taurati kwa lugha yake bila kupitia Kilatini, kwa hiyo vitabu vya Kiebrania kwao vilikuwa vifaa vya kazi. Waliotafuta kwa bidii zaidi walikuwa makasisi wawili waliohudumia wafanyabiashara wa Kiingereza mjini Aleppo, Shamu: Edward Pococke katika miaka ya 1630, na Robert Huntington katika miaka ya 1670. Wote wawili walinunua kwa Waislamu, Wayahudi na Wakristo wa mji ule, kila walichoona kina maana, na Oxford ikanunua makusanyo yao mwaka 1692 na 1693. Ndiyo maana mpaka leo ukiomba muswada unautaja kwa jina la kasisi: Pococke namba fulani, Huntington namba fulani. Hilo huniudhi kidogo. Mtu aliyeinama miezi kadhaa akiandika, jina lake hulijui mpaka ufungue kitabu; aliyetoa pesa, jina lake liko mgongoni.

Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuja mwaka 1829. David Oppenheim alikuwa rabi mkuu wa Prague, akafariki mwaka 1736. Alikuwa tajiri, na ugonjwa wake ulikuwa vitabu. Lakini Prague wakaguzi wa Kanisa walikuwa wakali, wanaingia nyumba za Wayahudi na kuchukua vitabu, basi vyake akaviweka Hanover kwa baba mkwe wake. Hebu fikirini: mtu anamiliki mojawapo ya maktaba kubwa kabisa za Kiyahudi duniani, naye anaishi mji mwingine, siku kadhaa kwa farasi. Alipokufa vitabu vikapita kwa warithi, mwisho vikalala Hamburg ndani ya makasha miaka na miaka huku mnunuzi akitafutwa. Oxford wakavichukua kwa thaler 9,000, sarafu za fedha za Kijerumani: miswada karibu 780 na vitabu vya chapa zaidi ya 4,000. Bei ya kutupa, hata wenyewe Oxford hawakatai. Mwaka 1848 wakaongeza miswada mingine zaidi ya 800 ya Heimann Michael, mfanyabiashara wa Hamburg.

Aliyeipanga yote na kuiandikia orodha ni Adolf Neubauer, Myahudi mzaliwa wa Hungaria. Orodha yake ilitoka mwaka 1886 na inafika namba 2,602. Mimi ninayo nakala iliyokatika mgongo, na sijui fundi gani ataitengeneza.

Bibi, usituzungushe. Ni mali ya wizi au si mali ya wizi?
*Msomaji, Bukavu*

Sikuzungushi, mwanangu. Kwa ninayoyajua ya makusanyo haya makubwa niliyoyataja, ni mali iliyonunuliwa, na hati za mauziano zipo. Usiyachanganye na yale ya Maqdala, Ethiopia, mwaka 1868, ambako jeshi la Waingereza lilimshinda Mfalme Tewodros, likabeba mamia ya miswada ya Kigiizi, lugha ya kale ya Ethiopia, na sehemu kubwa iko London hadi leo. Hiyo ni ngawira ya vita na Waethiopia wana haki ya kuidai.

Ila kununua nako kuna sura mbili. Warithi wa Oppenheim waliuza kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kuitunza maktaba hiyo, na vitabu vilikuwa vimekaa Hanover tangu mwanzo kwa kuogopa wakaguzi. Mwuzaji aliyebanwa huuza rahisi. Hilo si wizi, na silipambi pia.

Assalamu alaykum Bi. Umesema unasoma tarehe za Kiebrania. Zinasomwaje? Mimi nilisoma chuoni abjadi ya Kiarabu tu.
*Mama wa watoto wanne, Maskati*

Waalaykum salaam, dada yangu. Basi umeshamaliza nusu ya kazi, kwa sababu abjadi uliyofundishwa ni ile ile. Wayahudi huandika namba kwa herufi, na thamani zinalingana na zetu: alifu moja, ba mbili, jimu tatu, dali nne, na kuendelea hivyo hivyo; lamu thelathini, ra mia mbili.

Tuchukue mfano wa kitabu maarufu kuliko vyote vya Kiebrania vilivyoko Bodleian, kile kinachoitwa Biblia ya Kennicott. Mwishoni mnakili ameandika kwamba yeye, Musa ibn Zabara, aliandika vitabu vyote ishirini na vinne vya Maandiko kwa mkono wake, akatia irabu, akatia maelezo ya pembeni, akasahihisha, kwa ajili ya kijana Isaka mwana wa Don Solomon wa Braga, katika mji wa La Coruña, jimbo la Galicia. Kisha anataja siku: Jumatano, tarehe 3 ya mwezi wa Av, mwaka 5236.

Mwaka huo Wayahudi wanauhesabu tangu kuumbwa ulimwengu. Mara nyingi elfu tano huachwa, kila mtu anajua ipo, zinabaki mia mbili thelathini na sita: ra, lamu, wau. Mia mbili, thelathini, sita. Umeona? Sasa toa 3760 kutoka 5236, unapata 1476. Siku yenyewe ni 24 Julai 1476, na nilipoipiga hesabu kwenye kalenda ya zamani ya Kizungu nikaikuta kweli ilikuwa Jumatano. Huwa nafurahi inapokubali. Angalia tu kwamba mwaka wao huanza majira ya Septemba au Oktoba, hivyo ukikuta tarehe ya miezi ya mwanzo wa mwaka, utoe 3761.

Kuna mtego mwingine. Miswada ya Yemen na ya Mashariki hutumia zaidi hesabu nyingine, ya enzi ya Waseleukidi, wafalme wa Kigiriki waliotawala Shamu, inayoanza mwaka 312 kabla ya Kristo. Wengi huuita mwaka wa hati, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye mikataba ya biashara na ndoa. Ukikuta 1500 kwenye muswada wa Sanaa usikimbilie kusema ni wa enzi za Vasco da Gama. Toa 311 au 312 kwanza.

Na je, kama mnakili hakuandika mahali wala tarehe? Mnabahatisha?
*Fundi seremala, Leicester*

Fundi kwa fundi, ngoja nikujibu vizuri. Hatubahatishi, tunashika.

Kwanza ngozi. Vitabu vingi vya Ulaya viliandikwa juu ya ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama, iliyolowekwa kwenye chokaa, ikaparuliwa manyoya, ikawambwa kwenye fremu na kukaushwa ikiwa imevutwa. Haikutiwa magome kama ngozi ya kiatu. Ni kama ngozi ya ngoma, isipokuwa imeparuliwa hadi ikawa nyembamba ya kukunjika. Upande uliokuwa na manyoya na upande wa nyama havifanani. Katika miswada ya Hispania na Italia, ukipitisha kidole unaijua tofauti: upande mmoja una manjano kidogo na vitundu vidogo vidogo vya nywele, wa pili mweupe na laini. Miswada ya Ujerumani, kuanzia karne ya 13 hivi, mafundi wake waliparua pande zote mbili mpaka zikalingana, na unaweza kukaa nayo asubuhi nzima usijue upande upi ni upi. Ukienda Misri, Shamu na Yemen unakuta karatasi mapema sana, kabla Ulaya haijaizoea.

Pili kalamu. Wayahudi wa Hispania na wa nchi za Kiislamu waliandika kwa kalamu ya mwanzi, kama ile ya chuoni kwetu, kwa hiyo unene wa mistari ya herufi unakaribiana. Wa Ujerumani na Ufaransa ya kaskazini walitumia unyoya, na hapo mstari wa kulala ni mnene na wa kusimama mwembamba, mpaka unaona kama herufi zimevaa kofia.

Tatu, na hii ndiyo niipendayo, mwisho wa mstari. Mnakili wa Kiebrania hakati neno katikati. Neno likikosa nafasi anafanyaje? Mmoja anaivuta herufi ya mwisho iwe pana, ikajaza. Mwingine anaandika herufi mbili tatu za mwanzo wa neno, anaziacha hivyo, kisha analiandika neno zima kwenye mstari unaofuata. Wa tatu anachora kialama chake mwenyewe cha kuziba nafasi, nacho anakirudia kitabu kizima bila kujua kwamba ametia sahihi. Muswada usio na jina wala tarehe, ukitazama kingo zake za kushoto, unaweza kujua waliuandika watu wangapi na nani aliingia wapi.

Mimi nafundisha madrasa. Nimeshangaa kusikia vitabu vya dini vya Wayahudi vina picha za watu. Si wao pia wamekatazwa sanamu?
*Maalimu, Mombasa*

Maalimu, umeuliza swali ambalo marabi wenyewe walibishana. Wapo waliosema picha kwenye kitabu cha sala humpotezea mtu utulivu. Wapo walioona picha bapa si sanamu. Vitabu vya kukunjua vya Taurati vinavyosomwa sinagogi havina pambo lolote, hata irabu havina. Picha ziko kwenye vitabu vya kurasa, vya nyumbani na vya kusomea.

Hata hivyo Maalimu ungejisikia nyumbani katika Biblia nyingi za Hispania. Zina kurasa nzima za nakshi zilizofumana bila kiumbe, dhahabu na buluu, unazoweza kuziweka kando ya msahafu wa Andalusia ukaona ni mtaa mmoja. Biblia ya Kennicott inazo. Lakini pia inaye Mfalme Daudi amekaa kwenye kiti chake, na Nabii Yunus akiingia kinywani mwa samaki. Mchoraji wake, Yosefu ibn Hayyim, ndiye aliyefanya jambo ambalo sijaliona kwingine mara nyingi: mwisho wa kitabu alichukua ukurasa mzima akaandika kwamba yeye ndiye aliyekipamba, na kila herufi ya maneno hayo ameiunda kwa viumbe. Hapa samaki, hapa ndege, hapa mtu amejipinda, tena baadhi yao hawana nguo. Musa mnakili alijieleza kwa maandishi ya kawaida na kwa adabu. Yosefu akataka aonekane kutoka ng'ambo ya chumba.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1492, Wayahudi wote wa Hispania wakaamriwa wabatizwe au waondoke. Kitabu kikatoka nchini, na kwa karibu miaka mia tatu hakijulikani kilipita mikono ya nani, hadi mwaka 1771 kilipofika Oxford kupitia Benjamin Kennicott, aliyekuwa mtunza maktaba ya Radcliffe. Bodleian kimeingia mwaka 1872. Jalada lake ni la ngozi ya mbuzi iliyopigwa nakshi, nalo linakifunika pande zote sita kama sanduku. Ninamwonea wivu fundi yule.

Na sasa kichekesho. Ujerumani, Wayahudi mara nyingi waliandika wenyewe wakampa mchoraji Mkristo wa mjini apambe. Kipo kitabu cha sala za sikukuu cha mwaka 1258, katika yale makusanyo ya Michael, ambacho ukikifungua unakuta pambo moja limechorwa juu chini. Maandishi yako sawa, picha imesimama kwa kichwa. Inaelekea mchoraji hakujua Kiebrania, akaugeuza ukurasa asijue kichwa ni wapi na miguu ni wapi, akachora kwa raha zake. Ngozi ni ghali, dhahabu ni ghali, wakaiacha hivyo. Imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 760.

Bi Kurasa, babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nimesikia Wayahudi nao waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Ni kweli?
*Kijana, Lamu*

Ni kweli kabisa, na waliofanya hivyo si wachache. Wayahudi wa Misri, Iraki, Yemen, Afrika Kaskazini na Andalusia walizungumza Kiarabu, wakakiandika kwa herufi walizojifunza utotoni. Barua, hesabu za duka, tiba, falsafa, tafsiri ya Taurati, vyote hivyo.

Mkubwa wao ni Musa bin Maimon, ambaye Wazungu humwita Maimonides. Alizaliwa Cordoba, akaishia Misri, akawa tabibu wa wakubwa wa serikali ya Salahuddin, akafariki mwaka 1204. Bodleian ina sehemu ya ufafanuzi wake wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwa mwandiko wa mkono wake mwenyewe, Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Huo ndio muswada nilioutazama muda mrefu kuliko yote. Mwandiko wa mtu mwenye haraka: herufi zinashikana ovyo, amefuta, ameongeza pembeni, ameongeza tena juu ya nyongeza. Anapofika kwenye habari ya kinara cha taa cha Hekalu ameona maneno hayatoshi, akachora. Matawi yake yamenyooka moja kwa moja kwenda juu kwa mshazari, hayajapinda kama katika picha nyingi za kinara hicho. Watu wanabishana juu ya mistari ile mpaka leo, kwani aliyeichora ni yeye mwenyewe.

Na upo wa pili, Huntington 80, huu Kiebrania. Ni nakala ya sehemu ya kitabu chake kikuu cha sheria, iliyonakiliwa na mtu mwingine. Nenda mwisho. Chini ya maandishi mazuri ya mnakili kuna mistari midogo ya mwandiko ule ule wa haraka, unaosema kwamba nakala hii imesahihishwa kwa kulinganishwa na kitabu chake, kisha: mimi Musa mwana wa Rabi Maimon. Basi, hakuna pambo. Lakini siku zile kila nakala ilizaa makosa yake, na mstari ule mmoja ndio uliowahakikishia wasomaji kwamba hii ni ya kuaminika.

Kuhusu maandishi ya babu yako nimejibu huko chini, maana mmeuliza wengi.

Je, miswada hiyo inasema lolote kuhusu bahari yetu?
*Nahodha mstaafu, Mombasa*

Inasema, nahodha, ila mingi ya namna hiyo iko Cambridge. Katika sinagogi ya Ben Ezra, Fustat, yaani Kairo ya kale, palikuwa na chumba cha kutupia karatasi zilizochoka. Wayahudi hawakutaka kuchoma karatasi yenye jina la Mungu, wakawa wanazitumbukiza humo, na hatimaye zikaingia hata barua za biashara na orodha za vitu vya dukani. Kwa ukavu wa Misri hazikuoza. Mwaka 1896 pacha wawili wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na kurasa walizonunua safarini. Solomon Schechter akatambua mmoja wao ni wa kitabu cha Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, ambacho kilidhaniwa kimepotea. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Kairo ndani ya vumbi lile. Alirudi na vipande ambavyo leo vinahesabiwa takriban 193,000. Oxford nao walikuwa wameshaanza kununua vyao kabla yake.

Humo ndimo tulimokuta wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi: Aden, pwani ya Malabar, pilipili, chuma, shaba, hariri, mizigo iliyozama, madeni yasiyolipwa. Barua inayonigusa ni ya Daudi, mdogo wake yule Musa bin Maimon. Yeye ndiye aliyekuwa akifanya biashara huku kaka akisoma. Anaandika kutoka Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu, baada ya kuvuka jangwa kutoka Qus na mwenzake mmoja tu, wameuacha msafara nyuma, jambo la hatari. Amefika, hakukuta bidhaa ya maana isipokuwa nili, basi ameamua kupanda chombo hadi Hindi. Anamwomba kaka yake asiwe na wasiwasi na amtulize mke wake. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi na mali yake na ya wengine. Musa aliandika miaka mingi baadaye kwamba habari ile ilimlaza kitandani karibu mwaka mzima.

Na kama unatafuta kwetu hasa, Bodleian inacho kitabu cha Kiarabu kilichotungwa Misri karne ya 11, wamekinunua mwaka 2002, chenye ramani za bahari. Ndani yake Unguja imetajwa kwa jina lake hilo hilo. Si Kiebrania, lakini nahodha hutanisamehe nikikuficha.

Kwa nini Talmud za kale ni chache hivyo?
*Msomaji, Kampala*

Talmud ni vitabu vya mijadala ya marabi juu ya ile Mishna. Zilichomwa. Paris mwaka 1242, mikokoteni kwa mikokoteni. Roma mwaka 1553. Muswada wa Talmud ulio karibu kukamilika umebaki mmoja tu, wa mwaka 1342, nao uko München. Baadaye Italia wakabadili mbinu: badala ya kuchoma, wakaguzi wakafuta mistari wasiyoitaka kwa wino, wakatia sahihi mwishoni. Mmoja wa waliotia sahihi nyingi ni Domenico Irosolimitano, aliyekuwa rabi kabla hajabatizwa, kwa hiyo alijua hasa pa kufuta. Mara nyingi wino wa wakaguzi umefifia kuliko wa mnakili, na yaliyofutwa yanasomeka tena. Nimeyaona kwa macho yangu, na nilicheka peke yangu kazini.

Tuna hati za marehemu babu. Tuvae glavu nyeupe kama kwenye sinema? Tuzipeleke zikafanyiwe lamineshi?
*Wasomaji kadhaa: Lamu, Pangani, Pemba*

Glavu, hapana. Kidole ndani ya kitambaa hakihisi, ndipo karatasi inapochanika. Oshani mikono, ikausheni vizuri, msipake mafuta wala udi, inatosha. Maktaba kubwa nazo siku hizi hufanya hivyo. Glavu wanaziweka kwa picha za kamera na vitu vya madini.

Lamineshi, haramu! Moto wake na plastiki yake havitoki tena. Selotepu vilevile: gundi inageuka kahawia na kuula wino. Kama ukurasa umechanika, uacheni ulivyo, uwekeni kati ya karatasi mbili nyeupe safi. Funikeni kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa dawa ya rangi, wekeni ndani ya kasha, kasha lisiguse ukuta wala sakafu, na lisikae kabatini karibu na jiko. Pwani adui ni unyevunyevu na wadudu, kwa hiyo fungueni mara kwa mara siku kavu, kivulini, si juani. Nondo wakionekana, msipulize dawa ya kuulia mbu juu ya karatasi.

Halafu pigeni picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, pamoja na ile tupu. Kurasa tupu ndizo wazee walizoandikia siku ya kuzaliwa mtoto, deni la nazi, tarehe ya mvua kubwa. Nimeona familia ikitupa karatasi za mwisho kwa kuwa hazina kitu cha dini. Nilitaka kulia.

Nitaionaje miswada ya Oxford nikiwa Tabora, bila viza?
*Mwalimu wa historia, Tabora*

Kwa simu, mwalimu, bure. Tangu mwaka 2012 Bodleian na Maktaba ya Vatikano zilishirikiana, kwa fedha za wakfu wa Polonsky, kupiga picha miswada yao, na ya Kiebrania ilikuwemo. Tovuti inaitwa Digital Bodleian. Andika Kennicott 1, au Huntington 80, au Michael 617 ambacho ndicho kile cha picha iliyosimama kwa kichwa. Maktaba ya Taifa ya Israeli nayo ina tovuti ya Ktiv inayokusanya picha za miswada ya Kiebrania kutoka maktaba nyingi duniani. Kumbuka kitabu kinafunguka kutoka kulia, kwa hiyo usishangae ukibonyeza mbele ukarudi nyuma. Picha ni nzito mno. Ukiwa na wanafunzi arobaini, tafuta waifai ya shule, bando lako litaisha kwenye jalada.